Jina Nililokuwa Naliandika Kila Asubuhi

Bergen, Norwei
Februari 1989

Yeyoo mpendwa,

Takwenya! Nainamisha kichwa huku mbali nilipo, na namwomba Nasieku auweke mkono wako juu ya karatasi hii, iwe kama umenigusa utosini. Goti lako linaendeleaje na ukungu wa huko Nainokanoka? Mvua za vuli ziliacha majani ya kutosha, au ng'ombe wameshaanza kuteremshwa? Mimi sasa ni mzima, ila nimetoka kuugua mafua makali, na katika ugonjwa huo kuna jambo lilinipata. Nitalifikia.

Nasieku dada yangu, najua umeipokea barua hii posta ya Karatu na umeshaisoma yote kabla ya kupanda nayo mlimani. Sikulaumu, ndivyo ulivyo tangu utotoni. Ila ukifika mbele ya mama soma polepole, umtafsirie kwa Kimaa vizuri, wala usiruke yale yanayokuchosha.

Yeyoo, uliniuliza nafanya kazi gani, maana watu wanakuambia kwamba nachunga televisheni. Si uongo sana. Ofisi yetu inauza samaki nchi za nje, na hesabu zote zimo ndani ya kompyuta, mashine yenye kioo kama cha televisheni na vibonye kama vya taipu. Huko kwetu serikali haikutaka ziingie ovyo, na wako waliosema zitakula kazi za watu. Zamani niliwacheka. Siku hizi siwacheki sana, kwa sababu chumba ninachokaa peke yangu zamani kilikuwa na makarani wanne.

Magazeti ya huku yamejaa habari zake. Wanasema kuna ugonjwa unaotoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia disketi, kile kisahani cha plastiki tunachohifadhia kazi. Wenzangu walishangaa. Mimi nikawaambia huyo ni kupe tu, na disketi za wageni zipite kwanza josho. Walinicheka, lakini sasa hakuna disketi inayoingia bila kukaguliwa. Wako pia vijana wanaoingia kompyuta za ofisi kubwa kwa waya wa simu, huku wamekaa vyumbani kwao. Wengine wanawasifu kwamba wana akili. Mimi siwasifu. Mtu akiruka miiba ya boma, akachungulia ndama, akaondoka bila kuiba, bado hakupiga hodi.

Na michezo je! Kwenye mkahawa wa bandarini kuna mashine unayoitumbukizia sarafu ukapiga risasi vidude vinavyoshuka kutoka juu. Nimejaribu. Vidole vyangu vizito, nakufa upesi. Lakini mchezo wenyewe unakupa roho zaidi ya moja, ukifa unaamka ukaendelea. Ukiwashinda wenzako, jina lako linabaki kwenye kioo watu walione. Jioni mwenye mkahawa anachomoa waya, asubuhi majina yote yamefutika, na hakuna anayeuliza. Siku nilipoliona hilo chai yangu ilipoa mezani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwa kuwaogopa wale vijana wa waya, ofisi ilituagiza kila mtu achague neno la siri. Unaliandika asubuhi, na bila hilo mashine haifunguki. Wenzangu walichagua majina ya watoto na mbwa wao, kisha wakayaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika chini ya vibonye, siri gani hiyo! Mimi nikataka neno ambalo halitanitoka mdomoni hata nikiweweseka. Yeyoo, nilichagua jina la kaka. Huyo uliyemzaa kabla yangu, aliyechunga zamu yake na yangu ili mimi nikae darasani, na homa ikamchukua kabla hajakiona cheti changu. Sitaliandika hapa, kwa kuwa Nasieku anakusomea kwa sauti. Ulitufundisha kwamba jina la aliyeondoka halitamkwi na watu wake, na tangu siku ile hakuna kati yetu aliyelitamka. Nikajiambia kwamba vidole si mdomo.

Basi wiki mbili zilizopita nilikuwa kitandani na homa, mwenye nyumba akaniita kwenye simu. Aliyepiga alikuwa Bibi Solveig, mkuu wetu wa ofisi, mama mtu mzima.

"Meli inaondoka mchana na karatasi zake zimo kwenye mashine yako," akasema. "Nitajie neno lako."

Nilishaanza kutafuta viatu kwa macho.

"Siwezi, mama. Nakuja mwenyewe."

"Wewe ni mgonjwa! Nitajie tu."

"Siwezi."

"Basi nipe herufi moja moja."

"Herufi moja moja ni neno lile lile, mama, linatembea polepole tu."

Akauliza kwa sauti nyingine, "Umeficha nini humo?"

Nilitembea kwenye theluji huku natetemeka mpaka ofisini. Nikafungua mashine, karatasi zikatoka, meli ikaondoka. Lakini Bibi Solveig hakufurahi. Alisema atanipeleka kwa mkurugenzi, kwa kuwa anayemficha mkuu wake hafai kushika hesabu za watu. Nikifukuzwa kazi, na kibali cha kuishi huku kinakwisha. Niliogopa, Yeyoo, sikufichi. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi nikamweleza habari yote ya kaka, isipokuwa jina.

Akaniambia mumewe alizama baharini zamani, na kwamba yeye humwita kwa jina lake kila siku akiwa peke yake jikoni.

"Sisi tunawataja ili wasipotee," akasema.

"Sisi tunawanyamazia ili wapumzike," nikasema.

Hakunipeleka kwa mkurugenzi. Alinichemshia kahawa, kahawa mbaya kama zote za ofisi ile, nikainywa yote. Lakini sheria ni sheria, akaniagiza nichague neno linaloweza kutajwa kwenye simu. Nilipokwenda kulibadilisha, mashine ilitaka kwanza niandike lile la zamani. Nikaliandika mara ya mwisho. Ikalikubali, kisha ikalisahau. Neno jipya ni aina ya samaki, na hata hilo siwaambii ni lipi, maana namjua Nasieku na mdomo wake.

Nisichokijua ni kimoja, na wewe ndiye wa kunijibu. Je, kuandika ni kuita? Kama nilimsumbua kaka alipolala, niambie la kufanya nami nitalifanya. Lakini nisikudanganye kwamba najuta. Huku hakuna anayejua nilikotoka, na kila siku, kabla ya kumsalimu mtu yeyote, nilikuwa naanza na yeye. Siku nilipolibadilisha nilijifungia chooni nikalia. Sasa naandika samaki, mlango unafunguka, na ndani hakuna mtu.

Nisalimie baba mdogo anayetulindia ng'ombe, umwambie dawa ya macho aliyoagiza nitaituma. Nisalimie shemeji, mume wa Nasieku, aendeshe lori lake taratibu kwenye ule mteremko wa Karatu. Msalimie pia mwinjilisti aliyenifundisha kusoma. Na mke wa kaka msalimie kwa namna ya peke yake. Yale ya katikati ya barua asisomewe mpaka wewe mwenyewe uone inafaa.

Ni mimi mwanao, ambaye bado ana kaka,

Lemayian