Turbo Iliyoungua kwenye Barieri

Mama Neema,

Nakusalimu wewe na tumbo lako, binti yetu Neema, na mama yangu mnayekaa naye hapo Shasha. Miguu bado inavimba? Nani anakuchotea maji? Mimi ni mzima, nakula ugali wa muhogo na sombe ya majani yake. Lakini sitafika siku niliyokuahidi, na nataka usikie sababu kutoka kwangu kabla ya kuisikia kwa watu.

Kazi ya kukusanya habari za redio niliimaliza Pinga, nikateremka Walikale kwa pikipiki, nikapanda lori la mawese linalokwenda Masisi. Dereva, Papa Kambale, alikabidhiwa lori hilo na tajiri wake juzijuzi, na alijivuna nalo. "Hii haiko kamio ya zamani," aliniambia. "Iko na turbo, sawa gari ya mashindano."

Hakudanganya. Turbo ni kifaa ambacho moshi wa injini unazungusha kigurudumu chake kidogo, nacho kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Gari la mashindano linakitumia kwa mbio, lori kwa kupandisha mzigo. Nani alimwiga nani, siwezi kuthibitisha. Ninachojua ni kwamba tulipanda milima bila abiria kushuka kusukuma, jambo ambalo sijawahi kuliona njia ile.

Shida ni kwamba baada ya kupanda, turbo inakuwa ya moto sana, na inapozwa na mafuta yanayozunguka ndani ya injini. Ukizima ghafla, mafuta yanasimama, turbo inaungua. Nawe unajua sheria ya barieri, pale wenye bunduki wanapofunga njia kwa kamba: ukifika tu, zima. Injini ikinguruma, wenye kamba wanadhani unataka kuikata ukimbie. Basi Papa Kambale alipanda mlima, akakuta kamba, akazima. Akapanda mwingine, akazima. Alipowasha tena kwenye barieri hii ninapokuandikia, lori lilipiga mluzi, likatoa moshi wa bluu, likafa.

Ningekuja kwa miguu. Lakini hapa wanakusanya vitambulisho vya abiria wote na kuvifunga pamoja na karatasi ya lori. Vinarudishwa lori likipita. Nilipoomba changu, mkubwa wa barieri alicheka. "Papa Redio, ulikuya na kamio, utaenda na kamio." Ana bunduki. Nikarudi kwenye lori.

Turbo nyingine imefika kutoka Goma mgongoni mwa fundi mmoja, Dieudonné, aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano Kampala na hachoki kutukumbusha. Leo ameifunga, na injini inawaka.

"Kampala, ata shofere wa mbio anaiachaka ipumuke kwanza," alimwambia Papa Kambale. "Ukizima tena mbiombio, mimi sirudie huku."

"Ambia wale wa kamba, si mimi!"

Tukaenda kwa mkubwa kuomba injini iachwe ingurume kidogo kila barieri kabla ya kuzimwa.

"Motere haipumuke," alisema. "Muntu njo anapumukaka. Munataka kukimbia."

"Tukimbie na mapipa ya mawese, mukubwa? Mu hii matope?" Papa Kambale alimuuliza.

Akafikiri. "Basi muntu moja akae chini mbele ya pine, motere ilie mpaka ishibe. Mukikimbia, mutakanyaga mwenzenu."

Tuliomba tuweke mawe chini ya magurudumu badala ya mtu. Akasema jiwe haliogopi. Atatuma neno barieri zote mpaka Masisi, wafanye hivyohivyo.

Ugomvi ukaanza: nani akae? Mama mmoja muuza mchele alisema ana watoto. Dieudonné akasema yeye ndiye fundi, akikanyagwa nani atatengeneza? Nikamuuliza Papa Kambale kuhusu breki.

"Breki iko."

"Nzuri?"

"Iko, Papa Redio. Usiulize sana."

Nimekubali kukaa mimi, kila barieri. Si ushujaa. Asipokaa mtu, Papa Kambale hataki kuondoka, turbo isije ikaungua tena; lori lisipotoka, kitambulisho changu hakitoki, nawe utajifungua mimi nikiwa bado hapa. Nimeyapima hayo kama ninavyopima habari yoyote, na sikuona njia ya pili. Tunaondoka kesho asubuhi. Barua inabebwa na mwanamke anayekwenda soko la Masisi kwa miguu. Hakuja na lori, kwa hiyo hawamzuii.

Msalimu mama yangu, ila habari ya gurudumu usimwambie. Msalimu mama yako kule Ngungu. Kama anaweza kushuka kukaa nawe, ashuke sasa, kabla mvua haijaharibu njia. Kaka yako Bahati, mvuvi, aweke mtumbwi wake tayari: barabara ikifungwa, akupeleke kujifungua kwa njia ya ziwa. Neema mwambie asikubebeshe.

Na mtoto akitangulia kufika, mpe jina. Usiningojee.

Mume wako,
Papa Neema