Mbuluku Nyuma ya Kamba

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi

Miezi saba na siku nne tangu nitoke kwetu Bihambwe. Mabega yanauma. Leo tumepasua mbao za mti mmoja tu, muvula mgumu kama chuma.

Gustave wa pikipiki amefika kutoka Pinga na habari ya Adelaïde, mke wangu. Carmel atabatizwa Jumapili hii! Mtoto wangu ana miezi mitatu na sijamwona. Alipozaliwa nilipaswa kwenda. Sikwenda, na kosa ni langu.

Wacha niliandike. Papa Isidore, mwindaji anayetulaza kwake, alikuwa amenipa upinde. Hapa hawapendi bunduki: ikilia tu, wenye silaha wanakuja kuuliza. Nikaona mbuluku, paa mdogo wa msituni, amesimama nyuma ya majani. Nikasema, majani ni kitu gani? Mshale ukagusa kijiti, ukapinda, ukamwingia pajani. Akakimbia nao.

Sheria ya hapa: ukijeruhi mnyama na hukumpata, hutoki kijijini siku saba. Unafuata damu. Mimi Mkatoliki, ningeweza kukataa. Lakini Isidore alifuata pamoja nami siku zote saba, mpaka miguu ikamvimba. Nimkimbie? Hatukumpata. Wazee wakasema maneno yao, wakanifungulia njia. Gustave alikuwa ameshaondoka, na mimi sina nauli ya pikipiki nyingine.

Jumanne, tarehe 8

Bosi wetu wa mbao amekubali niende. Natoka Ijumaa asubuhi na Gustave.

Jean-Marie, tunayeshika naye msumeno, amenicheka mchana kutwa. Ati papa wa mtoto atafika kwa batizo mikono mitupu, wageni wakule sombe, majani ya muhogo, na macho yake badala ya nyama! Imeniuma kwa sababu ni kweli. Nataka nyama ya kukausha.

Nimemwomba Isidore tuingie msituni. Amejibu: sawa, lakini ukijeruhi tena, Gustave atakuacha tena. Nimesema najua, Papa.

Jumatano, tarehe 9

Mvua. Isidore amesimamisha shina la mgomba nyuma ya uwanja, mbele yake fito tatu. Nimepiga. Fito! Nimepiga tena. Fito!

Nilikuwa naona njia wazi kabisa. Akaniambia mshale hauendi kama jicho, unapanda kidogo kisha unashuka. Kwa hiyo na kile kilicho juu ya njia nikiangalie. Mimi niliacha shule darasa la nne, hakuna mwalimu aliyenieleza kitu vizuri hivyo.

Mara ya tisa nimepata mgomba.

Alhamisi, tarehe 10

Tumeingia mapema, majani bado yanadondosha maji. Isidore amebana pua na kuita, ile sauti ya mbuluku anayelia. Kimya. Ameita tena. Akaja! Mbio, kama mtu aliyeitwa jina lake. Hatua kumi na mbili hivi, akasimama nyuma ya kamba mbili za msitu, mimea ile inayoning'inia mitini. Kati ya kamba hizo tundu, kubwa kama sahani. Ndani ya tundu, bega lake.

Nikavuta. Nikaona nyama juu ya moto, Adelaïde anacheka, wageni wanashiba. Bega la mbuluku halikutikisika. Kisha nikaangalia juu ya tundu. Kamba nyembamba, nyembamba kama uzi wa viatu, inaning'inia pale pale mshale utakapopanda.

Nikangoja apige hatua moja tu mbele. Akapiga hatua — ya nyuma! Nikaona mkia, basi. Nikaushusha upinde. Nilitaka kulia, sitajidanganya hapa. Isidore ameita mpaka saa tano, hakuna mwingine.

Nyumbani mke wake, Mama Françoise, ametupokea na sufuria tayari mkononi. "Nyama iko wapi?"

"Iko natembea," Isidore akamjibu. "Na miguu yake yote ine."

Wamecheka mpaka Jean-Marie akatoka nje kuangalia. Mimi pia nimecheka. Sijui kwa nini, tumbo lilikuwa tupu.

Ijumaa, tarehe 11

Nimefunga mzigo. Nguo, sabuni, daftari hili. Nyama hakuna. Nimelala vizuri kuliko siku zote.

Jean-Marie amenitupia shati lake jeupe. Ati kwa kanisa nisivae lile langu lililojaa vumbi la mbao, padri atafikiri wanabatiza mti. Isidore ameingia msituni kabla ya jua, hakuaga. Mama Françoise anasema upinde niliotumia mume wake ameuning'iniza ndani, karibu na upinde wake mwenyewe, na amekataza mtu kuugusa mpaka nirudi.

Gustave anasema mbao za daraja moja zimeenda na mvua, labda tutabeba pikipiki mabegani. Tutabeba! Hii kazi naijua. Tukivuka leo, kesho Jumamosi kabla ya giza niko Bihambwe, nimemshika Carmel. Pikipiki imewaka, Gustave anapiga honi, anasema nitaandika mpaka —