Vifaranga wa Zuhura na Bluu ya Kufulia

Alhamisi, Buguruni. Jua kali, upepo hakuna, na nina hasira tangu adhuhuri.

Namchukia mwewe. Ana mbingu nzima, ana majalala yote kuanzia hapa hadi Temeke, lakini riziki yake ameiona uani kwangu. Wala hahangaiki. Anazunguka juu, anatazama, kisha anashuka.

Mke wangu Zuhura yuko Kisarawe, anamuuguza mama yake. Aliniachia tetea mmoja na vifaranga kumi. "Nikirudi niwakute," alisema. Anarudi kesho. Hadi jana mwewe alikwisha kubeba wawili.

Watu wa hapa huwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwajue. Mimi ni dobi, nafua nguo za Bwana Shauri, yule ofisa wa Kizungu wa bomani, nitakosaje rangi? Asubuhi nikawachovya wote wanane kwenye bluu ya kufulia. Mwewe akazunguka mara mbili, akaenda zake. Nikacheka peke yangu, nikajiona mjanja.

Kumbe na mama yao hakuwajua.

Aliwadonoa vichwani bila huruma. Adhuhuri mwewe aliporudi, tetea akalia kile kilio chake cha hatari, wakamkimbilia wajifiche chini ya mbawa, akawafukuza. Mwewe akabeba wanne, mmoja mmoja, bila haraka. Mimi natupa mawe, nakosa.

Jirani, Bi Chausiku, akachungulia juu ya ua. "Shemeji, si ungeuliza? Sie twawapaka siku ile ile wanapoanguliwa, mama yao hajawazoea. Wako wana wiki mbili!"

Nilimjibu vibaya. Alisema kweli, ndiyo maana nilimjibu vibaya.

Wanne waliobaki nimewasugua kwa sabuni, bluu haitoki. Tetea bado anawakataa. Na kujitafutia chakula hawajazoea, maana yeye ndiye aliyekuwa akichakura na kuwaita. Basi jioni hii, mtu mzima na ndevu zangu, nimechuchumaa jalalani nachimba mchwa kwa vidole, naita ku-ku-ku. Wakaja mbio, wakala. Kivuli cha kunguru kilipopita, wote wakajisukuma chini ya msuli niliojifunga kiunoni, wanatetemeka.

Nilipanga kumwambia Zuhura kwamba ni mwewe tu, amewamaliza wote.

Nitasemaje hivyo kesho, na hawa hawabanduki miguuni pangu?