Gundi ya Panya Jikoni Mwako

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya sina. Tangu tukuzike hapa Sagalla, mwanao Mwakio amehamia nyumbani kutoka Voi, na anaamrisha kila kitu kama vile ni yeye aliyekuwa akikuogesha ulipougua.

Panya walirudi. Wakati wa matanga hakuna aliyefagia ghala, na magunia ya mahindi yaliachwa wazi. Nikafanya ulivyonifundisha: nikahamishia mahindi kwenye mapipa yenye vifuniko, nikafyeka nyasi nyuma ya jikoni, nikaziba matundu kwa waya wa kusugulia sufuria na simiti. Waliobaki nikawa nawanasa kwa ndoo na njugu, nawapeleka ng'ambo ya korongo. Kazi ya polepole. Mwakio hakutaka polepole. Alinunua gundi ya panya sokoni, ile ya kadibodi, akaitandaza chini ya meza.

Asubuhi nikasikia mlio. Panya alikuwa amenata ubavu mzima, shavu limeshikwa, jicho moja linanitazama. Alikuwa ameutafuna mguu wake mwenyewe. Na Mwakio ameketi palepale, anakunywa chai.

"Mwache, atakufa tu," akasema.

"Atakufa lini?"

"Leo, kesho. Kwani una haraka?"

Mama, mimi siwapendi panya. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Naye ana watoto." Mimi sikuwahi. Wamenila mbegu. Wamekojolea lesso yako niliyokuwa nimeihifadhi. Lakini kiumbe kinajitafuna ili kitoke, na mtu mzima anachovya mkate kwenye chai! Nikachukua mafuta ya kupikia nikayamwaga juu ya ile gundi, nikawa nambandua kidogo kidogo kwa kijiko.

Mwakio akacheka. "Mafuta yote hayo! Mama amekufa, sasa ndugu zako ni panya?"

Alilisema hilo, Mama. Jikoni mwako.

Nilimwambia atoke, na sikumwambia kwa upole. Gundi zake zote nilizitumbukiza chooni akiona, majirani wamesimama uani wanasikiliza. Akaniita mwendawazimu. Nami nikamwita jina ambalo sitaliandika hapa, kwa kuwa wewe ni mama yake pia.

Panya nilimbeba ndani ya boksi la viatu hadi vichakani. Alitulia kidogo, manyoya yamegandamana, kisha akachechemea akaingia majanini. Sijui kama alipona.

Mwakio amerudi Voi. Amesema hatakanyaga hapa mpaka nimwombe msamaha. Basi asikanyage.

Na wewe pia nina kinyongo nawe. Siku zile za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Kaa vizuri na ndugu yako." Kwa nini mimi? Yeye alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, na hukumwambia kitu. Siku zote ni mimi wa kuambiwa nivumilie. Nilitaka kukuuliza, ukawa umelala, na hukuamka tena.

Pumzika, Mama. Nakukumbuka, hata nikiwa na hasira hivi. Nakuahidi kwamba humu ndani hakuna kiumbe kitakachoachwa kife polepole huku mimi nikinywa chai. Kumsamehe Mwakio, hilo siahidi. Hujawahi kunisikia nikikudanganya, na sitaanza sasa.

Binti yako,
Wakesho