Mstari wa Siku ya Nne

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kile kikohozi kisiwe kimekufuata hadi ugenini. Sisi hatujambo. Mama anasema nyumba imepooza, hakuna tena wa kugombana na redio. Shangazi anacheka kwamba mtu aliyetetemeka juu ya ngazi akibadilisha balbu leo kapanda ndege. Fundi cherehani alimwuliza Mama kama umekwenda kuitetea serikali au kutuletea blanketi za ndege. Mama akamjibu kwamba ukizileta, yeye fundi atazipinda pindo bure.

Jumatatu mwanasheria wa serikali alikuja kukagua nakala za daftari lako la vipimo vya mto. Nilimwuliza kwa nini kesi haisikilizwi na mahakimu wetu. Akanieleza kwa subira kwamba mkataba unawaruhusu wenye mgodi kuishtaki serikali mbele ya waamuzi watatu nje ya nchi: mmoja wamemchagua wao, mmoja tumemchagua sisi, na wa tatu pande zote mbili zimemkubali. Kampuni inadai ilinyang'anywa leseni bila sababu, kwa kuwa mto haukuchafuka kamwe. Jibu letu, alisema, ni daftari la Baba yako. Daftari lisilo na pengo ni shahidi asiye na kigugumizi.

Kisha akanionyesha ukurasa aliouwekea alama ya njano, wa wiki uchafu ulipoanza kupanda. Ndiyo wiki uliyolala na homa ukanituma mimi. Alisema Alhamisi utaapa kwamba siku zile nne alipima binti yako, na kwamba unamwamini kama macho yako mwenyewe. Alinipongeza.

Baba, siku tatu nilipima. Ya nne mvua ilinyesha, ukingo ukateleza, nikaogopa, nikaishia darajani na kurudi nyumbani. Umenifundisha kuandika mkono ukiwa bado umelowa maji ya mto; siku ile maji yaliyokuwa mkononi mwangu yalikuwa ya mvua tu. Niliketi mezani, nikachukua namba ya jana yake, nikaipandisha kidogo ili ifanane na kweli. Uliponiuliza, nilisema nimepima.

Usiapie mstari ule. Najua mawakili wa kampuni wataushupalia. Lakini wakiufichua wao, watasema daftari zima ni uongo; ukiutaja wewe, utabaki mstari mmoja, na kosa litabaki langu. Waamuzi wakitaka kuniuliza, nitajibu. Mwanasheria sijamwambia, nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Anasafiri kesho, na ameahidi kukupa bahasha hii mkononi kabla hujaingia ukumbini.

Mama nimemweleza asubuhi hii. Hakunikaripia. Alifuta meza, akanisogezea karatasi na kalamu, akakaa kando yangu mpaka sasa. Anakusalimu sana, na Shangazi pia. Sote tunakuombea urudi salama, kesi iende itakavyokwenda.

Akuombaye radhi,
binti yako, mpimaji wa siku tatu.