Macho ya Malkia wa Fisi

Masumbwe, 4 Agosti 2024

Limi,

Huna adabu. Salamu utazipata mwishoni, maana mwanzoni hukuzistahili.

Donatus anayechaji simu hapa senta ameniita nikaone gemu mliyotengeneza huko Ngokolo. Nikakaa. Mara najiona mwenyewe. Kaniki yangu, sikio langu lililochanika, hata kigoda changu. Nimepanda fisi, nawaroga askari wanadondoka kama kumbikumbi. Na macho mekundu, yanawaka. Kijana mmoja akaniamkia, "Shikamoo Malkia wa Fisi." Nikachukua fimbo yangu, nikarudi nyumbani.

Nani alikufundisha kwamba macho haya ni ya uchawi? Haya yangu ni mekundu kwa samadi. Kuni hakuna, tunapikia mavi ya ng'ombe, na moshi wake unaujua. Ndio uliopika uji uliokukuza. Ulikuwa unalia, nakwambia toka nje, mimi nabaki.

Huku kwetu vikongwe wenye macho haya wamekatwa mapanga. Unajua. Yafute.

Mimi mzima, mgongo tu. Wewe hujambo?

Bibi yako, mke mwenzio

Ngokolo, 11 Agosti 2024

Shikamoo bibi,

Pole na mgongo. Mimi sijambo, ila barua yako imeniuma.

Bibi, gemu ni ya watu wengine, ya vita vya kale. Sisi tunaiongezea majeshi ya kwetu. Mwenzangu Selestine anachora majitu: fisi, na chatu anayemeza boma zima. Mimi nilipewa wachawi. Nilitaka mmoja asiyeshindwa na mtu, na ninayemjua wa namna hiyo ni wewe tu. Macho niliyaweka ili mchezaji aone kwa mbali kwamba huyu ni hatari.

Wachezaji wanampenda kuliko wote. Tuko kwenye mashindano hapa mjini, nikimbadilisha sasa tutaharibu. Nipe muda. Ni mchezo tu, bibi.

Mjukuu wako, Limi

Masumbwe, 22 Septemba 2024

Limi,

Muda nilikupa. Sikia ulivyotumika.

Mimi mhola, mzima, nipo. Nyamizi hayupo. Yule rafiki yangu mwenye macho kama yangu, aliyekubeba mgongoni siku mama yako anazikwa. Ng'ombe wa jirani walikufa, vijana wakapita mlangoni kwake wakiita "Malkia wa Fisi," wanacheka. Kesho yake hawakucheka. Wakachoma nyumba. Alikuwa kisimani, ndiyo maana anapumua. Mwanawe anayechimba dhahabu Rwamgasa amekuja kumchukua kwa pikipiki. Ameondoka na ndoo yake ya maji, kingine hana.

Sisemi gemu ndiyo iliyowasha kiberiti. Mapanga yalikuwepo kabla hujazaliwa. Ila jina walilomwita ulilitunga wewe, tena kwa sura yangu. Mimi nina wajomba zako hapa nyumbani. Yeye alikuwa peke yake.

Usiniandikie barua ya kulia. Jumamosi panda gari, uje na kompyuta. Utakaa pale kwa Donatus, mimi nitakaa kwenye kigoda changu mbele ya vijana wote. Uyafute yale macho wakiona, huku wanayatazama haya yangu. Kisha tuwashe samadi ndani ya jiko langu, wasonge ugali wao wenyewe, asitoke mtu mpaka uive. Wakimaliza wajitazame macho yao.

Samadi nimeshaanika. Wewe lete unga na kioo.

Bibi yako