Namba Chini ya Rangi

Jumatano, baada ya magharibi

...na bado Hirsi, msimamizi wetu, akashikilia kwamba tuagize pistoni kwa namba ya bamba lililo ubavuni mwa trekta.

"Bwana harusi, andika barua, acha kuota!" akanifokea.

Nikaandika. Lakini pistoni zisipoingia, trekta haliwaki, na ruhusa yangu ya kwenda kisiwani Chula itakufa nalo. Siku kumi na mbili tu baada ya harusi nimekaa na Zainabu wangu, na kila siku ilikuwa sikukuu.

Nikamkumbuka akinitania uani kwa baba yake, fundi wa mashua: "Usiulize rangi, we! Rangi hupakwa upya. Uliza mkuku, uti wa chombo ulio chini."

Nikakwangua rangi kwenye injini yenyewe. Namba nyingine kabisa! Kumbe injini ilitolewa kwenye trekta jingine zamani. Hirsi akatazama, kisha akaichana barua yangu.

Nimeandika nyingine, imekwenda ghala la Kismayo. Naogopa. Tarakimu ya mwisho imelika, nimesoma tatu. Ikiwa ni nane...

La. Nimeipapasa kwa kidole mara nyingi. Ni tatu.

Zainabu, roho yangu, mwezi huu hauishi kabla sijabisha mlangoni kwenu.